Kwa nini Sahara bado haijatandikwa paneli

Huenda umewahi kuiona ile ramani ya Afrika yenye kisanduku kidogo kilichochorwa katikati ya Sahara, na chini yake maelezo kwamba eneo hilo tu, likifunikwa paneli za jua, lingetosha kuwasha taa za dunia nzima. Kila baada ya muda huibuka tena mitandaoni, na swali huwa lile lile: sasa tunangoja nini? Wanaojibu hugawanyika. Wapo wanaosema ni njama za wenye visima vya mafuta. Wapo wanaocheka na kusema aliyechora ramani hajui hesabu.

Hesabu anaijua. Tuifanye wenyewe. Sahara ina kilomita za mraba milioni 9 na ushei. Kila mita ya mraba ya ardhi yake hupokea kwa mwaka mwanga wenye nishati inayozidi kilowati-saa 2,000. Paneli za siku hizi hugeuza kama moja ya tano ya mwanga huo kuwa umeme. Lakini paneli hazibananishwi. Huachiwa nafasi ili moja isiitie nyingine kivuli na ili magari ya matengenezo yapite. Kwa hiyo ukihesabu ardhi yote iliyo ndani ya uzio, kituo cha jangwani huvuna takriban kilowati-saa 100 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Dunia nzima hutumia umeme unaokaribia kilowati-saa trilioni 30 kwa mwaka. Gawanya. Jibu ni kilomita za mraba 300,000, yaani eneo linalotoshana na Italia, ambalo ni kama asilimia 3 tu ya Sahara.

Mwanga upo, basi, na ardhi ipo. Tena wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani Frank Shuman alijenga huko Maadi, kusini mwa Cairo, mtambo wa vioo virefu vilivyopinda kama mabirika ya kunyweshea mifugo. Vioo vilikusanya joto la jua, joto likachemsha maji, mvuke ukaendesha pampu iliyovuta maji ya Mto Nile hadi mashambani. Mtambo ulifanya kazi. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na baada ya vita dunia ikajaa mafuta ya bei rahisi.

Ramani ile inajibu swali ambalo halikuwa gumu tangu mwanzo. Magumu yako kwingine, na yamefungamana hivi kwamba ukivuta uzi mmoja unakuja na mwingine.

Kuvuna mwanga au kuvuna joto

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo magazeti huvichanganya kila mara. Paneli za kawaida huvuna mwanga. Ndani yake mna vipande vyembamba vya silikoni. Mwanga ukivipiga, elektroni hung'oka na kuanza kutembea, na mwendo huo ndio umeme. Hakuna kinachozunguka wala kinachochemka. Umeme unaotoka ni wa mkondo mnyoofu, unaokwenda upande mmoja tu, kisha kifaa kiitwacho inveta huugeuza kuwa mkondo geu, unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, ambao ndio unaopita kwenye gridi, yaani mtandao wa nyaya za umeme.

Njia ya pili ni ya Shuman, iliyokua ikawa kubwa. Vioo hukusanya miale na kuielekeza mahali pamoja, ama kwenye bomba linalopita mbele ya vioo vilivyopinda, ama kwenye kilele cha mnara uliozungukwa na maelfu ya vioo vinavyogeuka kulifuata jua. Joto hilo hutengeneza mvuke, na mvuke huzungusha turbini kama katika kituo chochote cha makaa ya mawe. Huko Ouarzazate, kusini mwa Morocco, kituo cha Noor kina aina zote: mitambo miwili ya vioo vilivyopinda yenye megawati 160 na 200, mnara wa karibu mita 250 wenye megawati 150, na paneli za kawaida za megawati 72. Mtambo wa kwanza ulizinduliwa mwaka 2016.

Miaka kumi na tano hivi iliyopita, ungemuuliza mtaalamu ni njia ipi itakayotawala jangwani, wengi wangekuambia vioo. Walikuwa na sababu nzuri tutakayoifikia. Ila hawakutazamia kwamba kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ingeanguka kwa takriban asilimia 90. Anguko hilo ndilo ufunguo wa karibu kila kilichotokea baadaye, likiwemo lile la ajabu: paneli ziliporahisika, baadhi ya ndoto kubwa za jangwa zilikufa.

Paneli haipendi joto

Hapa watu wengi hushangaa. Paneli hula mwanga. Joto huiumiza. Nguvu ya paneli inayoandikwa kwenye karatasi yake hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Jangwani, adhuhuri ya kiangazi, uso wake hufika nyuzi 65 na kupita. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza kati ya asilimia 0.3 na 0.4 ya nguvu, kwa sababu silikoni ikipata joto volti yake hushuka. Zidisha kwa 40: paneli imepoteza asilimia 12 hadi 16, tena saa ile ile ambayo jua ni kali kuliko saa zote.

Kama paneli ingekuwa na hiari ya kuchagua makazi, isingechagua Sahara. Ingepanda jangwa la Atacama kaskazini mwa Chile, ambako jua ni kali kuliko popote duniani, hewa ni kavu na nyembamba, na baridi ya nyanda za juu inaipoza bila gharama. Au ingekwenda Qinghai, magharibi mwa China, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000. Jangwa bora kwa umeme wa jua ni la baridi.

Halafu kuna vumbi. Tuondoe kwanza picha ya matuta ya mchanga: matuta ni kama robo tu ya Sahara, na sehemu iliyobaki kubwa ni changarawe na mwamba. Vituo hujengwa huko kwenye changarawe, maana tuta la mchanga huhama. Lakini vumbi halina mpaka. Katika maeneo ya Ghuba, paneli ikiachwa bila kufutwa inaweza kupoteza karibu asilimia 1 ya uzalishaji wake kwa siku, na dhoruba moja ya mchanga hufanya mabaya zaidi kwa alasiri moja.

Vumbi kavu peke yake si tabu sana, kwani upepo huondoa sehemu yake. Tabu ni umande. Usiku wa jangwani mbingu huwa wazi, na paneli hutoa joto lake angani hadi inakuwa baridi kuliko hewa inayoizunguka. Umande hutua juu yake. Vumbi linageuka tope, tope lina chumvichumvi, asubuhi jua linalioka. Baada ya wiki kadhaa una ukoko ambao brashi laini haiutoi. Ndiyo maana wanaoendesha vituo hivi husafisha mara kwa mara, hata pale vumbi linapoonekana bado dogo.

Kusafisha kwa nini? Kwa maji, lingekuwa jibu la kawaida, na hapo jangwa linakukumbusha jina lake. Kituo cha Bhadla, katika jangwa la Thar nchini India, chenye zaidi ya megawati 2,200, ni miongoni mwa vile vilivyogeukia roboti zinazotembea juu ya safu za paneli na kufagia bila tone la maji. Kwa kawaida roboti za aina hii hufanya kazi gizani, wakati paneli hazina kazi. Nazo zina gharama yake: mchanga ni mkali, na brashi ikisugua kila usiku kwa miaka 20 inaweza kula ule utando mwembamba unaozuia kioo kuakisi mwanga.

Mitambo ya vioo ina kiu kubwa zaidi, kwa kuwa mvuke ukishazungusha turbini lazima upozwe urudi kuwa maji. Mtambo wa kwanza wa Ouarzazate hupozwa kwa maji yanayotoka kwenye bwawa la eneo hilo, katika mkoa ambao wakulima wake wanahesabu kila tone. Ile iliyofuata ilijengwa ipozwe kwa hewa, mbinu inayopunguza matumizi ya maji ya kupozea kwa zaidi ya asilimia 90, ingawa siku ya joto kali turbini hupungukiwa nguvu. Vioo vina udhaifu mwingine usiosemwa sana: vinahitaji miale inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua. Anga likiwa na ukungu wa vumbi, mwanga hutawanyika, na mwanga uliotawanyika hauwezi kukusanywa mahali pamoja. Paneli ya kawaida huendelea kuutumia, kioo huduwaa.

Saa kumi na mbili jioni

Sasa ile sababu nzuri ya wapenzi wa vioo. Jua huzama, na watu hurudi nyumbani kuwasha taa, jiko na kiyoyozi saa ile ile paneli inapolala. Joto, tofauti na umeme, huwekwa akiba kwa urahisi. Mitambo ya vioo hutumia chumvi iliyoyeyushwa, mchanganyiko wa naitreti za sodiamu na potasiamu, ambayo kwenye minara hupashwa hadi nyuzi 565 hivi na kuhifadhiwa katika matangi makubwa yaliyofunikwa vizuri. Usiku chumvi hiyo hutengeneza mvuke, turbini ikaendelea kuzunguka. Ouarzazate walianza na akiba ya saa 3, wakaenda saa 7. Mnara wa Cerro Dominador huko Atacama, uliozinduliwa mwaka 2021, una akiba ya saa 17 na nusu. Kwa maneno mengine unaweza kufua umeme wa jua usiku kucha hadi jua lingine lichomoze.

Uzuri huo una bei. Chumvi ikishuka chini ya nyuzi 240 hivi huanza kuganda, na bomba lililojaa chumvi iliyoganda si jambo la kutatua kwa nyundo. Ikiwa ya moto hutafuta kila ufa. Kituo cha Crescent Dunes katika jimbo la Nevada, Marekani, chenye megawati 110, kilisimama kwa miezi mingi baada ya tangi lake kuvuja mwaka 2016, na kampuni yake ikafilisika mwaka 2020. Mnara wa Ouarzazate nao ulisimama kwa muda mrefu baada ya tangi la chumvi kuvuja mwaka 2024. Mimi nauona ufundi huu kuwa wa kuvutia kuliko wote, na ninadhani historia itauhurumia. Lakini mwekezaji hahurumii, na aliyetazama betri zikishuka bei mwaka baada ya mwaka alianza kujiuliza kwa nini ajenge mnara, mabomba, turbini na matangi ilhali anaweza kununua paneli na makontena ya betri yakaletwa kwa lori.

Umbali, au jinsi ndoto ya Ulaya ilivyoyeyuka

Mwanafizikia Mjerumani Gerhard Knies, baada ya ajali ya nyuklia ya Chernobyl mwaka 1986, alipiga hesabu akaona kwamba majangwa ya dunia hupokea kwa saa 6 nishati inayozidi ile ambayo binadamu wote huitumia kwa mwaka. Wazo hilo likazaa Desertec. Mwaka 2009 makampuni makubwa ya Ulaya yaliungana mjini Munich kuliendeleza: vituo vya jua kote Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, nyaya chini ya Bahari ya Kati, na hadi 2050 Ulaya ipate asilimia 15 ya umeme wake kutoka huko. Gharama ilikadiriwa kuwa euro bilioni 400. Mwaka 2012 Siemens na Bosch walijiondoa. Miaka miwili baadaye walikuwa wamebaki wachache tu.

Wengi wanaosimulia kisa hiki hulaumu misukosuko ya kisiasa ya mwaka 2011 katika nchi za Kiarabu. Ilichangia. Lakini hata bila hiyo, hesabu ilikuwa imegeuka. Ujerumani hupata jua la kilowati-saa 1,000 na kidogo kwa mita ya mraba kwa mwaka. Sahara hupata mara mbili na ushei. Mara mbili tu. Paneli ilipokuwa ghali, mara mbili hiyo ilikuwa utajiri: ungeenda hadi Sahara kuifuata. Paneli iliporahisika, Mjerumani aliweza kununua paneli mbili badala ya moja, akazifunga kwenye paa lake, na akaepuka bahari, nyaya, forodha na mikataba. Kadiri kifaa cha kuvunia kinavyorahisika, ndivyo ubora wa shamba unavyopungua umuhimu na ndivyo ukaribu wake na sokoni unavyozidi.

Kuna tundu moja katika hoja hiyo, nalo ni Desemba. Mara mbili ni wastani wa mwaka mzima. Katikati ya majira ya baridi, paneli ya Ujerumani hutoa sehemu ndogo tu ya inachotoa Juni, ilhali Sahara bado inang'aa. Hiyo ndiyo iliyokuwa hoja ya mradi wa Xlinks: kuvuna jua na upepo wa kusini mwa Morocco na kuusafirisha umeme hadi Uingereza kwa nyaya za karibu kilomita 4,000 chini ya bahari, gigawati 3.6 (gigawati moja ni megawati 1,000). Juni 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba haitaendelea kuuzingatia.

Wengi hudhani umeme humwagika njiani hadi kuisha. Si hivyo. Nyaya za mkondo mnyoofu zenye msongo mkubwa hupoteza kama asilimia 3 kwa kila kilomita 1,000. China ina njia moja ya kilovoti 1,100 inayotoka Xinjiang hadi Anhui, zaidi ya kilomita 3,200, yenye uwezo wa kubeba gigawati 12. Ilianza kazi mwaka 2019. Kwa ufundi jambo linawezekana kabisa. Linalouma ni kwamba waya uliojengwa kwa mabilioni hauna faida ukibeba mzigo mchana na kukaa mtupu usiku. Hivyo mwenye waya hutafuta kitu cha kuujaza: upepo, betri, au, kama inavyofanyika kwenye njia hiyo ya Xinjiang, makaa ya mawe. Tena China ni nchi moja, yenye serikali moja inayoamua waya upite wapi. Waya kutoka Morocco hadi Uingereza unapita kwenye maji ya mataifa kadhaa, na kila upande unajiuliza swali la haki: jirani akikasirika, nani anashika swichi?

Bei ya jua ni bei ya mkopo

Ningeombwa nichague jambo moja tu ambalo wapenzi wa ramani ile hawalioni, ningechagua riba.

Mtambo wa gesi ni kama nyumba ya kupanga: unaingia kwa pesa si nyingi sana, kisha unalipa mafuta kila mwezi mpaka utakapohama. Mtambo wa jua ni kama kujenga. Karibu gharama yote inakuja siku ya kwanza, na baada ya hapo "mafuta" ya miaka 25 ni bure kwa sababu umekwisha kuyalipia. Pesa hiyo ya siku ya kwanza karibu kila mara ni ya kukopa.

Chukua mkopo wa dola 1,000 wa miaka 25, unaolipwa kwa mafungu sawa kila mwaka. Kwa riba ya asilimia 5, utalipa kama dola 71 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 12, utalipa kama dola 127. Paneli ni zile zile, boriti ni zile zile, fundi ni yule yule, lakini umeme wa pili lazima uuzwe kwa bei inayokaribia mara mbili. Kumbuka jangwa lilikuwa linatupa jua mara mbili na ushei. Riba peke yake imekula karibu faida yote.

Nchi nyingi zenye jua kali kabisa ndizo zinazokopeshwa kwa riba kubwa kabisa, kwa kuwa wakopeshaji huogopa thamani ya sarafu, mapinduzi, au shirika la umeme lisilolipa madeni yake. Ndiyo sababu Niger na Chad, zilizolala ndani ya Sahara, zina vituo vichache vidogo, ilhali Abu Dhabi ina kituo cha Al Dhafra cha gigawati 2. Zabuni yake ya mwaka 2020 iliushangaza ulimwengu: senti 1.35 ya dola kwa kilowati-saa. Gazeti likikuandikia bei hiyo kana kwamba ni bei ya jua la jangwani, kumbuka kuwa ukiona vyaelea vimeundwa. Nyuma yake kuna mnunuzi wa serikali tajiri aliyesaini mkataba wa miaka mingi, mikopo ya riba ndogo, na gridi imara iliyo karibu.

Na Misri? Kituo cha Benban karibu na Aswan, kilichokamilika mwaka 2019 kwenye eneo la kilomita za mraba 37, kiliwezekana baada ya taasisi za fedha za kimataifa kuingia kama wakopeshaji na wadhamini, na serikali kukubali kununua umeme kwa bei iliyopangwa. Jua la Aswan lilikuwepo tangu enzi za mafarao. Kilichokuja ni mdhamini.

Ardhi isiyo tupu

Kwenye ramani jangwa huonekana kama karatasi nyeupe. Wafugaji wanaohamahama, misafara, na njia za maji za msimu havichorwi. Ardhi ya Ouarzazate ilikuwa mali ya pamoja ya jamii ya Waamazighi (Waberberi) kabla ya kuuzwa kwa mradi, na mjadala kuhusu bei na kuhusu nani alifaidika haujaisha. Katika jangwa la Mojave, California, ujenzi wa kituo cha vioo na minara cha Ivanpah ulisimamishwa kwa sehemu mwaka 2011 baada ya kuonekana kobe wa jangwani wengi kuliko walivyotarajiwa. Kilipoanza kazi, ndege waliokatiza kwenye miale iliyokusanywa waliungua wakiruka.

Lakini si kila kisa ni cha hasara. Huko Talatan, Qinghai, kivuli cha paneli kilipunguza upepo na uvukizi, maji ya kusafishia yakadondoka chini, nyasi zikaota. Zikaota mno hadi zikaanza kuzitia paneli kivuli. Wenye kituo wakawaita wafugaji walete kondoo.

Je, tukifunika Sahara kweli, hali ya hewa itabadilika? Mchanga huakisi mwanga mwingi kurudi angani. Paneli ni nyeusi, hugeuza kama moja ya tano kuwa umeme na kuacha sehemu kubwa iliyobaki kuwa joto. Utafiti wa kompyuta uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba paneli na mitambo ya upepo ikifunika Sahara ingepandisha hewa, ikavuta unyevu, ikaongeza mvua jangwani na Saheli. Mwingine wa 2021 ulionya kuwa kufunika asilimia 20 kungepandisha joto la eneo hilo kwa nyuzi 1.5 na kusogeza mikanda ya mvua ya tropiki, hata Amazoni ikaumia. Ni tafiti nzuri, ila tazama namba: asilimia 20 ni zaidi ya mara sita ya lile eneo la Italia tulilolipata mwanzoni. Anayezitumia kupinga kituo cha kilomita za mraba 50 anamtisha mtoto kwa zimwi.

Umeme unaobaki jangwani

Kinachotokea sasa hakifanani na ramani. Jangwa linajengwa vipande vipande, na kila kipande kinahudumia walio karibu nacho. Januari 2025 kampuni ya Masdar ya Abu Dhabi ilitangaza mradi wa paneli za gigawati 5.2 zikiambatana na betri za gigawati-saa 19, ili kutoa gigawati 1 saa zote 24. Ona uwiano huo: zaidi ya paneli tano zinafungwa ili moja ipatikane usiku na mchana, na betri ina uwezo wa kubeba mzigo huo kwa saa 19. Miaka kumi iliyopita pendekezo la namna hiyo lingechekwa ukumbini.

Na mbali na gigawati hizo, kuna paneli zisizoingia kwenye takwimu nyingi: mbili, tatu, kumi, zimeegemezwa kando ya kisima cha mkulima, zimeungwa kwenye pampu. Yemen ilijaa pampu hizi baada ya vita kukata dizeli kuanzia mwaka 2015. Morocco na jimbo la Rajasthan nchini India zinazo kwa wingi. Hazihitaji waya wala betri, kwani maji yenyewe ndiyo akiba: unayavuta mchana na kuyaweka kwenye tangi. Shuman angezitambua mara moja. Ila yeye alivuta maji ya mto uliokuwa ukijaa kila mwaka, na visima vingi vya majangwani huvuta maji yaliyotuama chini ya ardhi kwa maelfu ya miaka, yasiyorudishwa na mvua yoyote ya leo. Pampu ya dizeli husimama pesa ya mafuta inapoisha. Hii ya jua husimama magharibi, na asubuhi huanza tena bila kumdai mwenyewe chochote, huku kina cha maji kikizidi kushuka.